Mbegu za Kupeana: Nyanya, Sheria na Nyua za Mombasa Bara

Kabla Likoni, Kisauni na Changamwe hazijawa mitaa, zilikuwa mashamba. Katika karne ya 19 wenyeji wa kisiwani walilimisha huko, mara nyingi kwa jasho la watumwa, na nje ya mashamba hayo vilikuwepo vijiji vya Wamijikenda. Mbegu haikununuliwa. Magunzi bora ya mahindi yaliachwa na maganda yake, yakawekwa darini juu ya meko ili moshi ufukuze wadudu, na mvua za masika zilipokaribia jirani aliyepungukiwa alipewa. Reli ilianza kujengwa mwaka 1896 ikapita Changamwe, kiwanda cha kusafisha mafuta kikafunguliwa hapo 1963, na ardhi ikakatwa ploti. Leo mkulima wa huku ana ua, ndoo na magunia ya udongo. Hata hivyo, nashikilia kwamba ule upaji wa mbegu bado una kazi: bila huo, mkulima wa uani hawezi kuirudisha aina iliyopotea.

Nyanya inaonyesha sababu. Aina kama Money Maker na Cal-J hujichavusha zenyewe, kwa hiyo mtoto hufanana na mzazi. Chotara kama Anna F1 ana wazazi wawili tofauti walio mikononi mwa kampuni. Ukipanda mbegu za tunda lake, watoto hutawanyika kwa umbo, ladha na ustahimilivu. Kampuni ikiacha kumzalisha chotara, jina lake hutoweka dukani. Lakini sifa zake zimo katika mbegu za tunda la mwisho, na mwenye subira anaweza kuzikusanya upya kwa kuchagua mche bora kila msimu. Kila kizazi hupunguza mchanganyiko kwa nusu, hivyo baada ya vizazi 6 hubaki sehemu moja kwa 64. Atakachopata ni aina thabiti inayomkaribia chotara yule, na sasa mbegu yake inawekeka. Ugumu uko mwanzoni: sifa 3 zilizojificha hukutana katika takriban mche 1 kwa 64, na ua wa Likoni hauna nafasi ya miche 64. Nyua 10 zikigawana mbegu za tunda moja, nafasi hiyo ipo.

Kwa miaka mingi sheria ilikuwa kinyume cha hesabu hiyo. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea ya 1972, ilivyorekebishwa 2012, ilimtishia anayeuza au kubadilishana mbegu zisizothibitishwa kwa faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 2. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikavitangaza vifungu vya sheria vyenye katazo hilo kuwa kinyume cha Katiba.

Watetezi wa sheria hiyo wana hoja za kusikilizwa. Mbegu ya nyanya hubeba magonjwa, na mbegu bandia zimewatia wakulima hasara. Lakini ulaghai ni wa sokoni, na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, lina kila sababu ya kuendelea kulikagua soko. Anayempa jirani mbegu hudaiwa uadilifu mwingine: asitoe mbegu kutoka kwa mche mgonjwa. Mtafiti aliyemzalisha chotara naye anastahili malipo, kwa hiyo aina mpya isiuzwe kwa jina la chotara huyo. Wengine husema hazina ya mbegu ya taifa iliyoko Muguga inatosha. Lakini hazina huihifadhi mbegu kama ilivyopokelewa. Mche utakaoshika matunda Kisauni mwezi wa Februari, usiku wa joto unapoangusha maua, utapatikana kwa kupandwa na kuchaguliwa hukohuko Kisauni.

Kwa kuwa mahakama imeondoa hofu, vikundi vya wakulima viongeze kitu ambacho desturi ya zamani iliachia kumbukumbu: kila pakiti iandikwe aina, kizazi, msimu na ua ilikotoka. Aina hupotea pale anayeijua anapokuwa mmoja.