Skrini nyeusi kisha kubadilisha BIOS: historia ya ordinatere zilizotupwa zikiwa bado nzima

Tarehe 26 mwezi wa nne mwaka wa 1999, ordinatere nyingi sana zilikwama katika Korea ya Kusini, Uturuki na inchi zingine. Wenyewe walipojaribu kuziwasha tena, feni ilizunguka, taa ndogo ya mbele iliwaka, lakini kwa zingine skrini ilibaki nyeusi. Sababu ilikuwa virusi vilivyoitwa CIH, vilivyotungwa mwaka wa 1998 na mwanafunzi wa Taiwan, Chen Ing-hau. Herufi hizo tatu zinatoka katika jina lake. Magazeti yaliviita pia Chernobyl, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo ile ya ajali ya kituo cha nyuklia ya mwaka wa 1986.

Virusi vingi vya wakati ule viliharibu mafaili tu. CIH ilifuta mwanzo wa diski ngumu, halafu ikajaribu kuandika takataka ndani ya chipu ya BIOS. Si bodi zote zilikubali kuandikwa; zile za Pentium zenye chipu za Intel 430TX ndizo zilijulikana zaidi kwa kupigwa. Kwa hiyo CIH ilifanya kwa makusudi jambo ambalo fundi anaweza kufanya bila kutaka, anapobadilisha BIOS ya mashine ya zamani na umeme unakatika katikati ya kazi. Skrini nyeusi ni ileile, na njia ya kuiponya ni ileile.

BIOS inafanya kazi gani

BIOS ni programu ndogo inayosomwa mbele ya zingine zote. Jina hilo lilitoka kwa Mmarekani Gary Kildall, aliyetunga mfumo wa CP/M katika miaka ya 1970. Mtu anapobonyeza kitufe, BIOS ndiyo inapima memori, inatafuta klavie, inaamsha kadi ya picha, kisha inaachia diski kazi. Skrini yenyewe haijui kitu. Kama hakuna aliyeamsha kadi ya picha, skrini haina cha kuonyesha, hata kama vingine vyote ni vizima.

Ordinatere ya IBM PC ilipotoka mwezi wa nane 1981, BIOS yake ilikuwa na kilobaiti 8 tu, nayo iliandikwa kiwandani ndani ya chipu isiyofutika. Mwenye kutaka toleo jipya alifungua sanduku, akatoa chipu na kuweka nyingine. Hilo lilitokea kweli: mashine za kwanza hazikuweza kutumia kadi ya diski ngumu mpaka ziwekewe chipu ya BIOS yenye tarehe 27 mwezi wa kumi 1982. Ilikuwa kazi ya bisibisi na ya uvumilivu, lakini ilikuwa na faida moja: chipu ya zamani ilibaki mkononi. Mpya ikikataa, unarudisha ile ya kwanza.

Tangu mwaka wa 1971 kulikuwa pia chipu za EPROM, kazi ya Dov Frohman wa Intel. Zilikuwa na kidirisha cha kioo juu, na zilifutwa kwa mwanga wa ultraviolet. Mafundi walibandika karatasi juu ya kidirisha ili mwanga usiingie. Mwaka wa 1984, Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba alitangaza memori ya flashi, inayofutwa kwa umeme ikiwa bado mahali pake. Katika miaka ya 1990, bodi nyingi za Pentium zilitumia flashi kwa BIOS. Sasa disketi moja ilitosha kubadilisha kila kitu, bila kutoa chipu.

Hapo ndipo hatari iliingia. Flashi haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Lazima ifutwe kwanza. Kati ya kufuta na kumaliza kuandika, chipu haina programu kamili. Umeme ukikatika wakati huo, disketi ikiwa mbovu, ao faili ikiwa ya bodi nyingine, mashine haina cha kusoma inapowashwa.

Mlango mdogo uliobakizwa

Watengenezaji walijua hatari hiyo. Wengi wao waliacha sehemu ndogo ya chipu isiyoguswa wakati wa kubadilisha BIOS. Sehemu hiyo haiwezi kufanya mambo mengi: inasoma disketi na kuandika upya BIOS, basi.

Katika bodi nyingi zenye BIOS ya Award, sehemu hiyo ilijua kuamsha kadi ya picha ya aina ya zamani tu, ile ya ISA. Mwenye kadi mpya ya PCI aliona weusi mtupu na kusema bodi imekufa. Kumbe mashine ilikuwa inangojea disketi. Fundi aliyekuwa na kadi ya ISA alichomeka skrini hapo, na maandishi yakatokea.

Katika bodi za Intel za miaka ile, hakukuwa na picha hata kidogo wakati wa kurudisha BIOS. Fundi alisikiliza mlio wa spika na kutazama taa ya disketi. Kwa BIOS nyingi za AMI, aliweka faili iliyoitwa AMIBOOT.ROM ndani ya disketi, akashika Ctrl na Home pamoja wakati wa kuwasha.

Kama mlango huo nao umeharibika, ilibaki njia ya wenye moyo mgumu. Waliwasha bodi nzima ya aina moja, wakatoa chipu yake ikiwa inafanya kazi, wakaweka ile mbovu na kuiandika upya. Kidole kikiteleza, bodi nzima nayo inaweza kuungua. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Gigabyte ilianza kuuza bodi zenye chipu mbili za BIOS, ya pili ikiwa akiba.

Kutafuta shida kwa mpangilio

Historia hiyo inaonyesha pa kuanzia. Kwanza ni kujaribu kebo na skrini nyingine. Pili ni kufuta mipangilio inayotunzwa na betri ndogo ya bodi, kwa sababu mara nyingine BIOS mpya inasoma vibaya mipangilio ya zamani. Mtu anachomoa waya wa umeme, anatumia kiunganishi kidogo kilichoonyeshwa katika kitabu cha bodi, ao anatoa betri kwa muda. Tatu ni kutoa memori na kadi zisizo za lazima na kuzirudisha moja moja. Nne ni kusikiliza milio na kutazama taa ya disketi: ikiwaka yenyewe, mlango mdogo bado uko. Mwisho ni kupeleka chipu kwa fundi mwenye kifaa cha kuandikia.

Katika miji kama Goma, Bukavu na Lubumbashi, ambako mashine nyingi ni za okazio na delestaji haina saa, jambo hili si hadithi ya makumbusho. Ordinatere yenye skrini nyeusi inauzwa kwa bei ya vipande, pamoja na diski yenye orodha za wanafunzi ao hesabu za duka. Lakini kubadilisha BIOS hakugusi diski ngumu. Mafaili yanabaki yalivyo, na diski inaweza kusomwa katika mashine nyingine siku hiyohiyo. Kabla ya kuuza ao kutupa, ni vizuri diski itolewe kwanza.

Kwa anayelazimika kubadilisha BIOS, mambo matatu yanalinda: namba kamili ya bodi iliyosomwa juu ya bodi yenyewe, nakala ya BIOS ya zamani mahali pa salama, na ondulere yenye betri nzima. Na kama mashine ya zamani inafanya kazi yake vizuri, hakuna sababu ya kuigusa.