Shemasi Jones na Safari ya Kurudi

Somo: Waebrania 12:1–3



Wengi wetu twamjua Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Leo natumtazame mtu aliyebaki nyuma, William Jones. Aliokolewa utumwani, akasomeshwa Bara Hindi, kisha akaja pwani yetu kuitumikia Injili. Mwezi Mei 1885 Askofu alimweka kuwa shemasi pamoja na Ishmael Semler, nao wakawa Waafrika wa kwanza kuwekewa mikono katika Kanisa letu nchini Kenya.

Julai mwaka ule msafara uliondoka Rabai. Ulipofika kwa Sundu, tunapopaita leo Mumias, Askofu alichukua watu 50 akatangulia kwenda Buganda. Jones aliachwa angoje na waliobaki. Askofu akakamatwa, akafungwa siku nane, naye ni mgonjwa. Siku ya mwisho aliandika katika daftari lake kwamba Zaburi ya 30 imemtia nguvu. Hiyo ni zaburi ya shukrani ya mtu aliyeponywa. Na siku iyo hiyo akauawa.

Wachache walionusurika walimletea Jones habari. Hakukimbia. Alingoja mpaka hakuwa na shaka tena, ndipo akawageuza watu wake kuishika njia ndefu ya pwani. Februari 1886 waliingia Rabai wakitanguliwa na bendera ya buluu, rangi ya msiba, yenye neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Ndilo jina la yule mtoto aliyezaliwa siku Israeli waliponyang'anywa sanduku la agano (1 Samweli 4:21).

Je, shemasi huyu alikuwa amepoteza imani? Hasha! Alisema kweli ya moyo wake. Kustahimili si kujifanya hatuumii. Mkono mmoja uliinua bendera ya huzuni, na mkono wa pili ukawaongoza wenzake hadi nyumbani.

Sasa tazameni kazi ya Mungu. Hannington alitaka kupeleka Injili Uganda akitokea mashariki. Lakini misheni ya Maseno ilipoanzishwa mwaka 1906, Kasisi J. J. Willis aliyeianzisha alitoka upande wa Uganda, na Nyanza yetu ikawa chini ya Dayosisi ya Uganda hadi 1921. Nchi iliyomzuia Askofu ndiyo iliyotuletea Neno. Njiani kurudi Rabai, Jones hakuweza kuyaona hayo.

Ndugu yangu, dada yangu, pengine umeomba miaka mingi kwa ajili ya mume mlevi, au mwana aliyekwenda mjini asirudi. Pengine ulisoma zaburi kando ya kitanda cha mgonjwa, na kesho yake ukazika. Usimfiche Mungu msiba wako, mwambie. Lakini wako watu wanaokufuata nyuma. Usiwaache porini. Tembea nao mwendo wa leo. Wa kesho mwachie Bwana.

Tuombe. Ee Bwana, utushike tunapochoka, na utufikishe nyumbani sisi na wale uliotupa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.