Namba ya simu iliyotoka Nairobi

Najua nimepotea, ila si mnajua tena mambo ya mwisho wa semesta, asaimenti zinakimbizana kama daladala za Mbagala. Leo umeme umerudi saa tatu usiku, nikaazima kompyuta ya mwenzangu wa chumbani kabla hajabadili mawazo. Nikasema ngoja niandike hiki kitu, maana kimenikaa kichwani tangu Jumanne.

Jumanne tulikuwa na semina ya historia. Kundi letu lina watu sita. Mmoja wetu alishakutana na mhadhiri wiki iliyopita, akaambiwa swali limebadilishwa. Akakaa kimya. Sio kwa ubaya, anasema alidhani mwenzake aliyekuwa naye ameshatuambia. Huyo mwenzake naye alidhani yeye ndiye aliyetuambia. Basi tukasimama mbele ya darasa tukaeleza vizuri sana jambo ambalo hatukuulizwa. Tukapata alama 4 kati ya 15. Mhadhiri akacheka, akasema, "Nendeni mkasome habari za CIA na FBI, mtajiona humo."

Nikaenda. Wadau, nilicheka ukurasa wa kwanza tu, baada ya hapo kicheko kikaisha.

Tuanzie nyumbani. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu asubuhi imepita kidogo, lori lenye bomu lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani katikati ya Nairobi, karibu na makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie. Dakika chache tu, lingine likalipuka kwenye ubalozi wao hapa Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar watu 11. Kati ya wote hao 224, Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki ni watu kama mimi na wewe, makarani, madereva, walinzi, wanafunzi, watu waliokuwa kwenye basi tu wanapita. Jengo la Ufundi la jirani lilianguka lote. Na wengi walipoteza macho, kwa sababu kabla ya mlipuko mkubwa kulisikika mshindo mdogo, watu wakakimbilia madirishani kuangalia kuna nini. Vioo vikawakuta hapohapo.

Mimi sikuwa nimezaliwa. Mama mdogo anasimulia kwamba alikuwa Msasani siku hiyo, mabati yakatikisika, akadhani tanki la gesi limepasuka.

Sasa hapa ndipo historia inapoanza kuuma. Mwaka mmoja kabla, Agosti 1997, polisi wa Kenya wakiwa na Wamarekani waliipekua nyumba ya mtu mmoja Nairobi anayeitwa Wadih el-Hage, aliyewahi kuwa katibu wa Osama bin Laden. Wakachukua kompyuta yake. Ndani mlikuwa na barua iliyoandikwa na Fazul Abdullah Mohammed, yule Mkomoro, akieleza wasiwasi kwamba kundi lao la Afrika Mashariki liko hatarini kugunduliwa. Yaani ilikuwa imeandikwa kabisa kuwa kundi lipo. El-Hage akarudi Marekani, akahojiwa. Fazul akabaki. Mwaka mmoja baadaye ndiye aliyekuwa mmoja wa waandaaji wa bomu la Nairobi.

Lakini leo sizungumzii hilo sana. Nazungumzia namba ya simu.

Kwenye lile lori la Nairobi kulikuwa na kijana wa Kisaudi, Mohamed al-Owhali. Alitakiwa afe, ila dakika ya mwisho aliruka akakimbia, akaumia, akaenda hospitali kutibiwa. Siku chache baadaye alikamatwa. Wapelelezi wa FBI na wenzao wa Kenya wakakaa naye siku nyingi wakimhoji. Bila kumpiga, kwa mujibu wa rekodi za kesi, ila kwa maswali ya kuzungukazunguka mpaka akachoka kudanganya. Mwisho akatoa namba ya simu ya Yemen, ambayo aliipigia kabla na baada ya shambulio.

Namba hiyo ilikuwa ya nyumba moja mjini Sanaa. Ndipo ujumbe wa al-Qaeda ulipokuwa unapokelewa na kupitishwa kwenda kwingine, kama vile mama muuza duka anavyopokea salamu za mtaa mzima. NSA, lile shirika la Marekani la kusikiliza mawasiliano, likawa linaitegea sikio. Na mwishoni mwa 1999 likasikia kitu: kuna vijana wanakwenda kwenye mkutano Malaysia, mmoja anaitwa Khalid, mwingine Nawaf.

Naomba mnielewe vizuri hapa. Damu ya watu 213 wa Nairobi ndiyo iliyozaa uzi huo. Na uzi ulikuwa mzuri ajabu, maana ulifika mpaka kwa watu wawili wenyewe.

Januari 2000 CIA wakaushika uzi. Khalid al-Mihdhar alipopita Dubai, pasipoti yake ikapigwa picha kimyakimya, ikaonekana ina viza ya Marekani. Mashushushu wa Malaysia nao wakawapiga picha wageni wote wa mkutano wa Kuala Lumpur. Ndani ya ofisi ya CIA iliyomshughulikia bin Laden kulikuwa na maofisa wa FBI walioazimwa pale, kazi yao hasa ikiwa ni kuunganisha hizo nyumba mbili. Mmoja wao, Doug Miller, tarehe 5 Januari 2000 aliandika waraka wa kuwaambia FBI kwamba mtu huyu ana viza ya kuingia nchini. Akaambiwa usitumwe kwanza, usubiri. Ukasubiri. Haukutumwa.

Na hapo ndipo nilipoliona kundi letu la semina. Siku hiyohiyo mtu mwingine wa CIA aliandika ndani kwa ndani kwamba habari za pasipoti zimeshafikishwa FBI. Aliyesoma hivyo akatulia, akajua limekwisha. Tume iliyochunguza mambo haya baadaye haikuona ushahidi kwamba zilifika kweli. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshasema!

Tarehe 15 Januari 2000 al-Mihdhar na Nawaf al-Hazmi walitua Los Angeles kwa majina yao halisi. CIA walikuja kupata taarifa kwamba al-Hazmi ameingia Marekani mwezi Machi. Hata hapo hawakuwaambia FBI. Jamaa wakahamia San Diego. Jina la al-Hazmi lilikuwa kwenye kitabu cha simu cha mji, na chumba walichopanga kilikuwa cha mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akiwapa FBI habari. Yaani FBI walikuwa mlango wa pili, ila hawakujua kama kuna la kuuliza.

Oktoba 2000 meli ya kivita USS Cole ikalipuliwa bandarini Aden, wanamaji 17 wakafa. Mpelelezi wa FBI aliyeongoza kesi, Ali Soufan, mzaliwa wa Lebanon, anasema aliuliza CIA zaidi ya mara moja kama wanajua lolote kuhusu mkutano wa Asia ya Kusini Mashariki. Jibu analolikumbuka ni kimya. Juni 2001 watu wa pande zote mbili walikutana New York, picha za Malaysia zikawekwa mezani, wapelelezi wakauliza hawa ni nani, na hawakupewa habari yote.

Mwishoni mwa Agosti 2001 ndipo majina yakaingizwa kwenye orodha ya watu wa kuzuiwa mipakani. Lakini walishakuwa ndani. Mpelelezi mmoja wa New York akaomba kikosi chake cha jinai kimtafute al-Mihdhar, akaambiwa hapana, hii ni ya upande wa ujasusi. Akaandika barua pepe ya hasira, akisema siku moja watu watakufa kwa sababu ya mambo haya. Wiki mbili baadaye, tarehe 11 Septemba, al-Mihdhar na al-Hazmi walikuwa ndani ya ndege iliyogonga Pentagon. Siku hiyo walikufa watu karibu 3,000.

Sasa tusikimbilie kulaani. Nilimwuliza mhadhiri, hivi hawa watu walikuwa wajinga? Akasema mwanahistoria akiuliza hivyo ameshashindwa kazi, auliza kwanza ule ukuta ulijengwa kwa nini.

Na kweli ulikuwa na sababu. Mwaka 1975 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilifichua kwamba FBI walikuwa wakimpeleleza Martin Luther King na wanaharakati wengine ambao kosa lao lilikuwa kusema. Ndiyo maana mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kudhibiti usikilizaji wa simu kwa ajili ya ujasusi, na mwaka 1995 Wizara ya Sheria ikaweka taratibu za kutenganisha habari za kijasusi na upelelezi wa jinai, ili polisi wasitumie mlango wa ujasusi kukwepa mahakama. Wazo zuri. Tatizo ni kwamba watu waliuogopa ukuta kuliko ulivyokuwa. Taratibu hazikukataza kila kitu, ila ofisa anayeogopa kuharibu kesi au kufukuzwa kazi anaona salama kunyamaza. Juu ya hapo weka wivu wa taasisi: CIA wanaona FBI wakipewa habari watakimbilia kukamata na kuharibu mtego, FBI wanaona CIA wanakalia ushahidi. Mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya masuala hayo ikasema sheria haikuwahi kudai ukuta mrefu kiasi kile. Mwaka 2004, baada ya ripoti ya tume, Bunge lao likaunda cheo cha mkurugenzi mmoja wa ujasusi wote, na kituo kimoja cha kuunganisha habari za ugaidi kikapewa nguvu ya sheria.

Je, ule waraka ungetumwa, 11 Septemba isingetokea? Sijui, na anayesema anajua anakudanganya. Walikuwa watu 19, na hawa ni wawili tu. Ila nafasi ilikuwepo, na ilitokana na kazi iliyofanyika Nairobi.

Upande wa pili nao tusiusahau. Mwanzoni mwa 2007 watu waliokimbia vita Somalia walikamatwa Kenya, wakapandishwa ndege kurudishwa Somalia, wengine wakaishia rumande za Ethiopia, bila kupita mahakamani. Hapo nchi zilishirikiana vizuri sana, ila kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kama habari zenyewe ni za kweli. Kwa hiyo mimi siungi mkono wanaosema "fungueni tu kila kitu." Habari lazima imfikie anayeihitaji kwa kazi yake, na lazima awepo wa tatu, hakimu, anayeitazama.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Tukisoma habari za ushirikiano dhidi ya ugaidi, sisi huwa tunatajwa kama mahali bomu lilipolipuka tu. Kumbe uzi muhimu kuliko zote ulipatikana Nairobi, kwa wapelelezi waliokaa na mtu mmoja wakimuuliza kwa subira huku mji bado unazika. Wakenya walilipa gharama ya hiyo namba. Halafu ilipofika kwenye ofisi yenye kila kitu, ikawekwa mezani na waraka ulioandikwa "subiri kwanza."

Kesho Ijumaa kundi letu linakutana tena chini ya mwembe. Tumekubaliana sheria moja: ukisikia jambo, unamwambia kila mtu kwa mdomo wako, na unamwuliza amesikia nini. Hakuna kudhani. Yule mwenzetu wa kimya ndiye aliyeipendekeza, na tumemsamehe, ingawa zile alama 11 bado zinauma.

Haya, mwenye kompyuta ameamka anaitaka. Usiku mwema wadau.