Grendizer na Watazamaji Wake: Kutoka Tokyo hadi Maskati

Mtajie Mwarabu yeyote aliyezaliwa baina ya mwaka 1970 na 1980 neno "Grendizer", kisha mtazame uso. Awe daktari, awe mwanajeshi, awe mwenye duka la vitambaa, atacheka kwanza, halafu ataanza kuimba. Mfaransa wa rika hilo hilo ukimtajia jina hilo huenda asijue unazungumza nini. Lakini mwambie "Goldorak", na yeye ataimba. Mtaliana mwambie "Goldrake". Mjapani je? Mjapani atafikiri kidogo, kisha atasema, "Ah, ile iliyokuja baada ya Mazinger."

Ndugu wasomaji, hili ndilo ninalotaka tulizungumze. Katuni ni moja, sehemu zake 74 ni zile zile na picha ni zile zile, lakini kila taifa lililoitazama liliona kitu chake. Na sisi Waswahili tuliokulia Ghuba tuliona chetu. Ndani ya kisa hiki mna somo kuhusu lugha yetu, na somo hilo bado halijapitwa na wakati.

Hadithi yenyewe

Kwa wasioijua, nieleze kwa ufupi. Kulikuwa na sayari iitwayo Fleed, yenye amani na neema. Mfalme Vega akaivamia, akaiteketeza, akaijaza sumu ya mionzi iitwayo vegatron hata ikawa haikaliki. Mwana wa mfalme wa Fleed, jina lake Duke Fleed, akatoroka na roboti ya kivita, Grendizer, akaangukia Japani. Mwanasayansi mmoja, Dk. Umon, akamficha, akamfanya mwanawe na kumpa jina la Daisuke. Mchana kijana huyu alifanya kazi kwenye shamba la mifugo, akipanda farasi na kubeba majani kama kibarua yeyote. Vega alipoitamani Dunia, Daisuke akalazimika kuitoa roboti mafichoni na kupigania nchi isiyokuwa yake. Mkononi ana jeraha la vegatron ambalo halijapona. Katikati ya hadithi anampata dada yake Maria, aliyedhani amekufa. Mwisho Vega anashindwa, zinakuja habari kwamba Fleed imeanza kuwa hai tena, na ndugu hao wawili wanawaaga wenyeji wao na kurudi kwao.

Kuhusu mitambo, roboti ina urefu wa mita 30 na uzito wa tani 280, na husafiri ikiwa imelala ndani ya kisahani cha anga. Mimi ni mhandisi, na ninajua kwamba kitu kama hicho hakiwezi kutembea bila kudidimia ardhini. Lakini nilipokuwa mdogo sikuuliza suala hilo, na wenzangu wengi walioishia kwenye uhandisi hawakuuliza pia.

Japani: mtoto wa tatu

Katuni hii ilitengenezwa na kampuni ya Toei kutokana na kazi ya mchoraji Go Nagai, ikaonyeshwa na Fuji TV kuanzia tarehe 5 Oktoba 1975 hadi 27 Februari 1977. Nagai alizaliwa Septemba 1945, mwezi mmoja tu baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki. Kwa hivyo nchi iliyotiwa sumu ya mionzi, na kijana mwenye jeraha lisilopona, havikuwa vitu vya kuwaelezea Wajapani.

Hata hivyo, kwao Grendizer ilikuwa mtoto wa tatu. Kabla yake kulikuwa na Mazinger Z mwaka 1972, iliyoleta fikra mpya ya rubani kuingia ndani ya roboti na kuiendesha kama gari, kisha Great Mazinger mwaka 1974. Shujaa wa Mazinger Z, Kouji Kabuto, yumo ndani ya Grendizer, lakini sasa ni msaidizi. Kwa mtoto wa Kijapani ilikuwa kama kumuona nahodha wa timu yake amekalishwa benchi. Ilitazamwa, ikapendwa kiasi, ikapita. Mwaka 1979 ikaja Gundam, na watu wakahamia huko.

Italia na Ufaransa: wazazi wanaogopa

Italia ilianza kuionyesha Aprili 1978, na Ufaransa tarehe 3 Julai 1978 katika chaneli ya Antenne 2. Jina la Goldorak, inavyosimuliwa, lilitokana na kuunganisha Goldfinger na Mandrake. Wafaransa wakawapa wahusika majina ya kinyota: Daisuke akawa Actarus, Kouji akawa Alcor, Dk. Umon akawa Procyon. Wataliana waliipata kupitia kwa Wafaransa na wakaiita Atlas UFO Robot. Inasemekana neno "Atlas" lilikuwa ni jina la kijitabu cha maelezo tu, lakini aliyepokea akadhani ni sehemu ya jina la katuni.

Taathira yake ilikuwa kubwa kuliko alivyotarajia yeyote. Santuri na vitu vya kuchezea viliuzwa kwa wingi, na Januari 1979 gazeti la Paris Match likaweka "wazimu wa Goldorak" kwenye ukurasa wake wa mbele. Tukumbuke kwamba Ufaransa wakati ule ilikuwa na chaneli tatu tu, zote za serikali. Watoto wa nchi nzima walikuwa wakitazama kitu kimoja kwa saa moja, na kesho yake skuli hapakuwa na mazungumzo mengine.

Wakubwa wakashtuka. Italia, mbunge Silverio Corvisieri aliandika gazetini Januari 1979 akilalamikia Goldrake, na mwaka 1980 wazazi mia sita wa mji wa Imola wakatia saini malalamiko dhidi ya katuni za Kijapani. Ufaransa, mtaalamu wa saikolojia Liliane Lurçat alichapisha kitabu mwaka 1981 kuhusu mtoto wa miaka mitano aliyeachwa peke yake na Goldorak. Ségolène Royal, ambaye baadaye aligombea urais mwaka 2007, naye aliandika kitabu mwaka 1989 kuzilaumu katuni za aina hiyo.

Katika lawama hizo ukweli ulichanganyika na uzushi. Ulienea uvumi kwamba Wajapani hawachori, bali kompyuta ndizo zinazotoa katuni kama kiwanda kinavyotoa soksi. Hili halikuwezekana. Mwaka 1975 hakukuwa na kompyuta ya kufanya kazi hiyo. Kila picha ilichorwa kwa mkono na kupakwa rangi kwenye karatasi za plastiki, moja baada ya moja. Lakini suala la Bi Lurçat lilikuwa na uzito. Ukilitazama vizuri kichwa cha kitabu chake, neno zito si "Goldorak", ni "peke yake". Alikuwa akiuliza yuko wapi mtu mzima wa kukaa na mtoto huyu na kumuelezea anachokiona.

Watoto wenyewe hawakudhurika kama ilivyohofiwa. Wamekuwa watu wazima na bado wanabishana kwa nini kiti cha Actarus, kinapompeleka kutoka kwenye kisahani hadi kichwani mwa roboti, kinageuka mara mbili ilhali kingeweza kwenda moja kwa moja. Mwaka 2021 wachoraji wa Kifaransa wa rika hilo walitoa kitabu chao cha Goldorak kwa ridhaa ya Nagai.

Waarabu: mwana wa mfalme aliyepoteza kwao

Katuni iliingia ulimwengu wa Kiarabu kupitia Lebanon, ambako ilitiwa sauti mwaka 1979. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwishaanza tangu 1975. Wasanii wa Beirut wakaenda studio, katika nchi inayoungua, kumpa sauti kijana ambaye nchi yake imeungua. Jihad al-Atrash alikuwa sauti ya Duke Fleed, na Sammy Clark akaimba wimbo wa kufungulia.

Hapa ndipo katuni ilipobadilika ingawa haikuongezwa hata mstari mmoja wa mchoro. Mjapani aliona roboti ya tatu, na mzazi wa Imola aliona vurugu. Mtoto wa Beirut, wa kambi ya Wapalestina, au wa Baghdad katika miaka ya vita na Iran, alimuona mtu aliyevamiwa, akafukuzwa, akapokewa na wageni kwa wema, na bado usiku anaitazama mbingu akitafuta kwao. Hakuhitaji kuelezwa.

Jambo la pili lilikuwa lugha. Watu wa Beirut hawakuitia sauti kwa Kiarabu cha mitaani kwao. Walitumia fusha, Kiarabu cha kitabuni, kwa sababu ya biashara: walitaka iuzike kuanzia Morocco hadi Oman, na lahaja ya mji mmoja isingefika huko kote. Lakini faida yake ilipita biashara. Mtoto aliyekuwa akiiona fusha kuwa ni lugha ya khutba na ya mwalimu mwenye bakora, sasa aliisikia ikitoka kinywani mwa shujaa. Mwaka huo huo wa 1979, Iftah Ya Simsim kutoka Kuwait ilifanya kazi hiyo hiyo kwa makusudi ya elimu. Grendizer iliifanya bila ya kukusudia, na pengine ndiyo maana watoto walikubali kirahisi.

Mapenzi hayo hayajafa. Sammy Clark alipofariki Februari 2022, aliliwa na watu ambao hawakujua wimbo wake mwengine. Mwaka huo huo Riyadh ilisimamishwa sanamu ya Grendizer ya zaidi ya mita 33, yaani imeipita hata roboti yenyewe ya kwenye hadithi. Na mwaka 2024 katuni ikatengenezwa upya Japani, kwa jina la Grendizer U, kwa ushirikiano na kampuni ya Saudia iitwayo Manga Productions. Watoto waliokuwa wakitazama wamekuwa wenye fedha za kutengeneza.

Na sisi?

Baada ya mwaka 1970, Oman ilipofungua milango, zilirudi familia nyingi kutoka Unguja na Pemba, Mombasa, Burundi, Rwanda na Kongo. Wengi lugha yao ilikuwa Kiswahili tu. Ukiingia nyumba zetu Maskati wakati ule utasikia Kiswahili jikoni na sebuleni, lahaja ya Kiarabu mlangoni, na fusha skuli, ambako wengi wetu tuliteseka nayo. Mimi ni wa rika hilo. Nasema bila ya kusitasita kwamba maneno yangu ya kwanza ya fusha niliyoyapenda sikuyatoa kwenye kitabu. Niliyatoa kwa Duke Fleed.

Wazee wetu, khasa kina bibi, walikuwa wakikaa nasi mbele ya televisheni bila ya kufahamu neno. Basi sisi ndio tukawa wakalimani. "Anasemaje huyo?" "Bibi, anasema kwao kumevamiwa, hana pa kurudi." Bibi yangu, aliyeondoka Unguja baada ya Januari 1964 na mabunda mawili ya nguo, akatikisa kichwa. "Maskini. Na mama yake je?" Sikuwa na jawabu, kwa sababu roboti ilikuwa imekwishaanza kupigana. Yeye ilikuwa haimshughulishi hiyo roboti. Siku nyingi baadaye alikuwa bado akiniuliza kama yule kijana amekwishampata mama yake.

Kwa hivyo Grendizer ya Kiswahili ilikuwepo. Ilitengenezwa kila jioni, katika sebule za Maskati na kwengineko Ghuba, na watoto wa miaka minane na tisa waliokuwa wakigeuza fusha kuwa Kiswahili cha kumfaa bibi. Haikurekodiwa, na waliyoisikiliza wametangulia mbele ya haki. Na lile alilolikosa Bi Lurçat kwa watoto wa Ufaransa, yaani mtu mzima wa kukaa na mtoto, sisi tulikuwa nalo, ingawa aliyekuwa akielezwa ni mtu mzima.

Leo mambo yamepinduka. Zamani mjukuu alimfasiria bibi kwa Kiswahili. Leo, Maskati, London au Toronto, bibi anazungumza Kiswahili na mjukuu ndiye anayetafuta mtu wa kumfasiria. Tunalaumu watoto, tunalaumu skuli, tunalaumu Waingereza. Lakini tujiulize: mtoto huyu amewahi kumsikia shujaa gani akizungumza Kiswahili? Lugha inayotumika kwa "kula", "lala" na "acha ujinga" peke yake, mtoto ataiacha akishakua, kama anavyoiacha kanzu iliyombana.

Wapo waliokwishaanza. Ubongo Kids ya Tanzania, tangu mwaka 2014, inawafundisha watoto hesabu na sayansi kwa katuni za Kiswahili, na wanaipenda. Kwa upande mwengine, mwaka 2023 Disney+ ilitoa mkusanyiko wa katuni za kisayansi kutoka Afrika kwa jina zuri la Kizazi Moto. Jina ni la Kiswahili, lakini mazungumzo yake mengi ni ya Kiingereza. Tumetoa jina, hatukutoa sauti.

Funzo la Beirut ni hili. Walebanoni hawakuchora hata picha moja ya Grendizer, na gharama kubwa ya katuni ni kuchora. Wao walileta wafasiri wanaoijua lugha, waigizaji wenye sauti, na mwimbaji mmoja, nao walikuwa vitani. Leo chumba kimoja kilichozibwa mwangwi, maikrofoni nzuri na kompyuta ya kawaida vinatosha. Kinachohitajika zaidi ni idhini ya wenye mali, na watu wa kuifanyia lugha kazi. Jumuiya zetu huku nje zina mawakili wa kuandika barua za idhini, mafundi wa mitambo, na wazee wenye Kiswahili kitamu ambacho hakitakuwepo milele. Tunachangishana kwa harusi na kwa matanga, na ni jambo la kheri. Tungeweza pia kuchangishana kwa hadithi moja ya sehemu kumi na tatu, itiwe sauti ya Kiswahili safi, watoto waitazame Ijumaa jioni pamoja na bibi zao.

Na wakati huu bibi asiulize "anasemaje huyo?" Auliziwe yeye.