Mashine ya kufyekea nyasi: Zijue kanuna za usalama

MVUA za masika zinapokatika, mlio wa mashine za petroli za kufyekea nyasi husikika karibu kila mtaa jijini Dar es Salaam, kuanzia viwanja vya shule hadi kando ya barabara kuu.

Kazi iliyochukua siku nzima kwa fyekeo sasa humalizika kwa saa chache. Hata hivyo, mashine hii inayobebwa begani yaweza kumjeruhi anayeitumia na hata mpita njia aliye mbali nayo.

Hatari kubwa ni vitu vinavyoruka. Kisu au uzi wa nailoni ukigonga jiwe au kipande cha chupa, kilichogongwa hurushwa kwa kasi inayotosha kupasua kioo cha gari au kupofua jicho.

Ndiyo maana watengenezaji wengi hutaka asiyehusika akae umbali wa angalau mita 15. Penye watu wengi, awepo mwenzako wa kuwazuia wapita njia, na injini izimwe kila mtu anapokaribia. Anayetaka kuzungumza na mfyekaji asimguse kwa nyuma, bali asimame mbele yake kwa mbali na kumpungia mkono.

Kabla ya kuwasha, pitia eneo lote ukiokota mawe, waya na chupa. Hakikisha kinga ya kisu ipo na imekazwa. Kisu chenye ufa hutupwa, hakichomelewi. Aidha, usifunge waya badala ya uzi wa nailoni, kwani kipande chake kikikatika huruka kama risasi.

Vaa miwani ya kinga, glovu, suruali nzito na buti ngumu. Kandambili hazifai kabisa. Ziba masikio pia, kwa kuwa kelele za mashine hizi kwa kawaida huzidi desibeli 85, kiwango ambacho kikisikika kwa muda mrefu huharibu usikivu.

Mashine nyingi za aina hii hutumia petroli iliyochanganywa na oili. Ikiwa kitabu cha maelekezo kinataka sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, weka mililita 20 za oili katika kila lita. Kikitaka 1 kwa 25, weka mililita 40.

Unapoongeza mafuta, zima injini na uiache ipoe, wala pasiwepo anayevuta sigara. Kisha sogea angalau mita 3 kutoka ulipojazia kabla ya kuwasha tena. Usiiwashe ndani ya stoo au chumba, kwani moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua.

Wakati wa kazi, shika mashine kwa mikono miwili, mkanda ukiwa begani na kisu kikiwa chini ya kiuno. Kisu kikigonga mti au ukingo wa barabara, mashine yaweza kurushwa ghafla pembeni au nyuma. Nyasi zikizonga, zima injini, subiri kisu kisimame na uchomoe waya wa plagi ndipo uziondoe.

Kitu kikichoma jicho, usilisugue wala usikichomoe. Lifunike kwa kitu kama kikombe kisafi bila kulikandamiza, kisha mwahi hospitali.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapatie wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Wajibu huo haupaswi kusahaulika kwa kibarua wa siku moja, kwa maana bei ya miwani ni ndogo, lakini jicho likishapofuka halina duka.