Ile michoro inayocheza kwenye skrini

Jamani, mnaikumbuka michoro iliyokuwa ikicheza kwenye kompyuta ukiiacha peke yake? Mimi nilidhani ni urembo tu. Kumbe ina historia yake.

Kwenye zile monita za chogo, picha ikikaa muda mrefu bila kubadilika ilichoma kioo na kuacha alama ya kudumu. Ndiyo maana picha zikafanywa zitembee. Mwaka 1992 Mmarekani Jamie Zawinski akatoa XScreenSaver kwa mifumo ya Unix, bure na msimbo wake wazi. Wengine wakachangia, hadi michoro ikapita 200. Mmoja, BSOD, unaigiza kompyuta iliyokufa, na ile skrini ya buluu ya Windows imo!

Lakini kazi nzito ni kufunga skrini. Kwenye X11, mfumo uliochora madirisha ya Linux kwa miaka mingi, kifunga skrini ni programu ya kawaida tu. Ikianguka, mlango uko wazi. Zawinski alionya mapema kwamba kinachofunga kisirundikiwe mapambo. Januari 2021 ikaripotiwa kuwa watoto wa mtumiaji mmoja wa Linux Mint walibonyeza vitufe ovyo, kifunga skrini cha Mint (si cha Zawinski) kikaanguka, wakaingia bila neno la siri.

Mimi ni mwandishi. Laptop yangu ina majina ya watu waliozungumza nami kwa kuniamini. Tangu nisome habari ile, nikienda hata kunywa chai, naizima kabisa.