Cloud Strife (tabia halisi)

Cloud Strife ni mhusika mkuu wa Final Fantasy VII, mchezo wa video uliotolewa na kampuni ya Square nchini Japani mwaka 1997 kwa ajili ya PlayStation. Sura yake ilibuniwa na Tetsuya Nomura; mwongozaji wa mchezo alikuwa Yoshinori Kitase.

Mwanzoni Cloud ni mamluki mkavu, mchache wa maneno, anayetanguliza malipo. Hujitambulisha kama askari wa zamani wa SOLDIER, kikosi teule cha kampuni ya Shinra. Baadaye hubainika kwamba hakuwahi kupokelewa humo. Alikuwa askari wa kawaida, na kumbukumbu zake zimechanganyika na za rafiki yake Zack Fair, aliyeuawa na majeshi ya Shinra.

Dalili za ukweli huo zimetawanywa mapema. Katika simulizi yake ya safari ya Nibelheim, kijiji alikotoka, Cloud yumo garini akiwa mchangamfu, huku askari mmoja aliyefunika uso akisumbuliwa na kichefuchefu. Askari huyo ndiye Cloud mwenyewe, aliyeona haya kurudi kijijini bila cheo cha SOLDIER alichokiahidi.

Tifa Lockhart, aliyetoka naye kijiji kimoja, ndiye anayemsaidia kuzipanga upya kumbukumbu hizo. Kwa hiyo ubaridi wa mwanzo ni ngao, wala si hulka. Nyuma yake yumo kijana mpweke, mwenye haya, anayetamani kuthaminiwa. Anayemsoma Cloud kama shujaa wa huzuni tu humnyima utu wake, na utu huo ndio kiini cha hadithi nzima.